Dakika Zako Nazo Zimeandikwa, Mama

Chicago, Julai 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Baba na wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Juzi kwenye simu uliniuliza mara mbili kwa nini mwanangu, somo yako, alikuomba uirudie hadithi ya fisi tangu mwanzo, na kwa nini mimi nilikuwa naulizia saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Simu ikakatika kabla sijakujibu. Ni habari ndefu kidogo, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Unakumbuka mwaka jana nilikwambia mtoto ameacha kusoma. Sikukueleza yote, sikutaka ukose usingizi. Darasani alisimamishwa asome kwa sauti, akatamka neno moja kwa lafudhi yetu, wenzake wakacheka, na mwalimu hakuwanyamazisha. Basi. Tangu siku hiyo kitabu akakiona adui. Si vya Kiingereza tu, Mama. Hata vile vya Kiswahili tulivyokuja navyo kwenye sanduku alivisukuma chini ya kitanda. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamnunulia vipya. Nikimwambia "soma nikusikie," ananiambia tumbo linamuuma, na sasa naamini lilikuwa linamuuma kweli.

Shule zikafungwa Juni. Likizo ya kiangazi huku ni ndefu, inapita miezi miwili. Jirani yetu, mama mtu mzima, akaniambia nimpeleke maktaba ya mtaa, kuna mpango wa kusoma wakati wa likizo. Nikadhani ni tuisheni. Nikaulizia ada.

Hakuna ada. Kadi ya mtoto ni bure, kuazima vitabu ni bure, na kila kinachofanyika mle ndani ni bure, kwa kuwa maktaba inaendeshwa kwa kodi, na kodi hata mimi nalipa. Hofu yangu ya pili ilikuwa faini: je, akichelewesha kitabu? Nikaambiwa faini za kuchelewesha zilifutwa Oktoba 2019, na wakati huo maktaba za Chicago ndizo zilizokuwa mtandao mkubwa kuliko yote ya maktaba za umma Marekani iliyokuwa imefuta faini. Waliona faini inawafukuza watoto wa watu wasio na kitu, wale hasa wanaoihitaji maktaba. Baada ya hapo watu waliokuwa wamekaa na vitabu ndani kwa miaka wakaanza kuvirudisha, na wao wenyewe wakarudi.

Mpango wenyewe uko hivi. Mtoto anapewa karatasi yenye vyumba vidogo vidogo, kila chumba ni dakika 20. Akisoma dakika hizo, anakipaka rangi. Akifikisha dakika 500 kabla shule hazijafunguliwa, anachagua kitabu kimoja kinakuwa chake moja kwa moja. Hakuna mtihani, hakuna maswali ya ufahamu, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Somo yako akamtazama mkutubi kwa mashaka, akavuta kitabu cha katuni kwenye rafu, akauliza kwa sauti ndogo: "Hiki kinahesabiwa?" Kinahesabiwa. Cha kusikiliza je? Nacho. Na akisomewa na mtu? Nako kunahesabiwa. Hapo nikadakia mimi: na akisimuliwa na bibi yake kwenye simu, kwa Kiswahili? Yule mkutubi akaweka kalamu chini, akasema hizo ndizo dakika anazozipenda kuliko zote, maana mtoto mwenye lugha ya kwao iliyokomaa anapata pa kuisimamishia lugha ya pili.

Kwa hiyo, Mama, ile hadithi ya fisi ni chumba kizima na nusu. Amekipaka rangi ya machungwa. Ulisimulia dakika 31.

Nilimuuliza mkutubi kwa nini wanajisumbua namna hii wakati shule zimefungwa. Akanitajia utafiti wa Barbara Heyns, uliochapishwa mwaka 1978, juu ya wanafunzi wa mji wa Atlanta. Waliosoma vitabu 6 au zaidi kiangazi kile walirudi darasani wakiwa wamesonga mbele kuliko ambao hawakusoma. Vitabu 6 tu, Mama! Tena Heyns alikuta kwamba maktaba ya umma ilikuwa na mchango mkubwa, kwa sababu watoto waliitumia kwa hiari yao. Hilo la hiari nimelifikiria sana. Mimi nyumbani nilikuwa nimemwekea mwanangu mahakama.

Sasa nikwambie kilichomfungua. Jumanne mchana maktaba huleta mbwa. Najua utashtuka, nami nilishtuka. Ni mbwa waliofunzwa na kupimwa, watulivu, wanaletwa ili watoto wawasomee. Wazo hili lilianzia Salt Lake City mwaka 1999, na sasa limeenea maktaba nyingi. Mbwa wetu ni jike mzee, manyoya yake ya rangi ya mchanga, na kitambaa cha kijani shingoni. Analala kwenye zulia, mwenye mbwa anakaa kando, mtoto anapewa robo saa.

Jumanne ya kwanza somo yako alikaa mbali na kitabu akakikumbatia kifuani. Ya pili akasogea, akakifungua, akawa anamwonyesha mbwa picha tu, anageuza kila ukurasa uelekee pua yake. Ya tatu akasoma. Nilikuwa nyuma ya rafu, sikuthubutu hata kukohoa. Alifika kwenye neno gumu, akakwama, nikaona mabega yanapanda kama anayesubiri kicheko. Mbwa akashusha pumzi ndefu, akaweka kidevu juu ya goti lake. Mwenye mbwa hakumsahihisha. Alisema tu kwa upole, "Nadhani hajawahi kulisikia neno hilo, unaweza kumweleza maana yake?" Mtoto akalitazama neno, akalitamka polepole, kwa lafudhi yetu ileile, kisha akainama akamfafanulia mbwa sikioni. Akaendelea mpaka mwisho wa ukurasa. Mama, nililia pale nyuma ya rafu, na sioni aibu kukwambia.

Siku hizi ndiye anayeniamsha. Ijumaa kuna saa ya hadithi, na huko ndiko alikosikia maktaba ya mji huu ilivyoanza. Chicago uliteketea kwa moto Oktoba 1871. Watu wa Uingereza wakachanga vitabu kama 8,000 wakavituma, na maktaba ikafunguliwa tarehe 1 Januari 1873 ndani ya tangi la maji la chuma lililokuwa halitumiki tena. Amenichorea tangi hilo na watu wamekaa ndani wanasoma. Picha iko mlangoni kwetu.

Wiki iliyopita nikampeleka maktaba ya Hall, iliyofunguliwa mwaka 1932 katika mitaa ya watu weusi wa Chicago. Kiongozi wake alikuwa Vivian Harsh, na upande wa watoto aliushika Charlemae Hill Rollins, naye akabaki hapo mpaka 1963. Wote wawili wanawake weusi. Wakati ule vitabu vingi vya watoto vilimchora mtoto mweusi kama kichekesho. Rollins hakukubali. Aliwaandikia wachapishaji, akatunga mwongozo wa kuonyesha vitabu vipi vinamheshimu mtoto mweusi na vipi vinamdhalilisha, na wakati huohuo alikuwa msimulizi, watoto wanamzunguka wanasikiliza. Niliposimama mle nilikufikiria wewe na kigoda chako. Nikamweleza mwanangu kwamba kabla hajazaliwa, na kabla sijazaliwa mimi, kuna mtu alipigana ili yeye asichekwe kitabuni. Hakujibu kitu. Alinishika mkono tu, na jioni akaazima vitabu vinne.

Mengine ya maktaba ni mengi, nikiyaandika yote hutamaliza leo. Kuna bao la sataranji, kuna darasa la kushona, na Alhamisi jioni mimi mwenyewe nina kikao cha mazungumzo ya Kiingereza na wageni wenzangu kutoka kila pembe ya dunia. Joto likizidi, wazee huja kupumzika kwenye ubaridi. Mji huu haujasahau joto la Julai 1995 lililoua watu zaidi ya 700, wengi wao wazee waliokuwa peke yao majumbani. Wanakuja kwa ajili ya baridi, wanajikuta wanafundishwa sataranji na watoto wa miaka minane. Somo yako amepata rafiki wa miaka 81.

Sasa nina ombi. Amebakiza dakika 140 na muda unakwenda. Jumamosi nitapiga saa sita mchana ya huku, kwenu itakuwa saa mbili usiku, utakuwa umeshakula na kuswali. Anataka ile ya sungura na kisima, na amesema nikuambie usimfupishie kama ulivyomfupishia ya fisi, maana pale fisi alipojificha uliruka, yeye aligundua. Ukisema "Paukwa!" mpe nafasi ajibu "Pakawa!" mwenyewe, amekuwa akilifanyia mazoezi bafuni. Akitamka neno kombo, tafadhali usimsahihishe. Litumie tu wewe vizuri kwenye sentensi inayofuata, atalisikia.

Habari ya kicheko cha darasani usimguse nayo, hajui kama nimekwambia.

Na Baba naye, kama koo limeshapona, amsomee gazeti. Nimeshauliza: gazeti nalo linahesabiwa.

Nawapenda sana. Nisalimie wote.

Binti yako.