Wapelekeni watoto Mwaloni wakachore watu

Mhariri,

Mimi ni mchora mabango ya saluni na mabucha hapa Kirumba, Mwanza. Naomba nafasi niwaambie walimu wa sanaa jambo linaloniuma.

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza wote huchora mtu yule yule: mwembamba, mabega mapana, macho karibu na nywele. Macho hayakai huko. Pima kwa penseli toka utosini hadi kidevuni. Yapo katikati kabisa. Mtu mzima ana urefu wa kama vichwa vyake saba na nusu, lakini mtoto wa miaka mitatu ni kama vitano tu. Ndiyo maana wengi wakichora mtoto, anatoka mzee mfupi.

Hivyo ni vipimo. Miili yenyewe ipo Mwaloni, soko la samaki la hapa Kirumba, alfajiri dagaa wanaposhushwa. Mwezi uliopita nilimchora mama mmoja muuza sato, mnene, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kiuno nilikifuta mara nne, kwa sababu mkono wangu umezoea kupunguza watu. Nilipoacha kumpunguza, uzito ukatulia vizuri kwenye ndoo. Alipoiona picha akasema, "Huyu ndiye mimi mwenyewe." Na mchukuzi aliyepita na gunia, shingo imezama mabegani, ni somo jingine kabisa.

Walimu, msiwape watoto picha za kunakili kwenye simu. Wapeni penseli na daftari lisilo na mistari, muwalete Jumamosi moja. Nitawasindikiza bila malipo.

Fundi rangi,
Kirumba, Mwanza