Mjomba, chura wako na bomba langu

Shikamoo mjomba.

Siku ile ya arubaini pale Muheza, sahani za pilau zimeshaondolewa na sisi tumebaki jamvini, ulisema neno likawachekesha wote: "Chura wa Amani ana hati ya shamba, mimi mwenye iliki sina." Msitu wa Amani, huko kwenu kwenye milima ya Usambara Mashariki, umehifadhiwa kwa ajili ya viumbe kama yeye, na wewe ukapoteza shamba lako la iliki. Nilicheka na wenzangu. Njia nzima ya kurudi Tanga nikawa natafuta jibu, sikulipata. Nakuandikia hadharani kwa sababu wewe ulisema hadharani, na najua wanao watakusomea kwenye simu.

Tuanze na huyo chura. Ni kijichura cha msituni, na hakitagi mayai majini kama wenzake. Kinazaa. Vitoto vinatoka vimekamilika, na miguu yao. Kinaishi kwenye milima michache tu ya mashariki mwa Tanzania, na mmojawapo ndio huo unaouamkia kila siku. Mimi niliyekulia huku chini sikuwa na habari nacho hata kidogo.

Lakini aliyeninyima usingizi si chura, ni bomba. Baada ya arubaini masika yalipiga huko juu siku tatu mfululizo. Hapa Ngamiani mvua ilikuwa ya kawaida, ila ndoo niliyokinga asubuhi ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikaiacha ituame. Chini kukabaki udongo mwekundu, laini, nikautia kidole, nikayakumbuka mabuti yako pale mlangoni. Maji ya Tanga yanatoka Mto Zigi, yanakusanywa bwawa la Mabayani, na Zigi na mwenzake Kihuhwi wanaanzia huko huko kwenu. Amani inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua ikiangukia msituni hupokewa na majani ya juu, kisha na majani yaliyooza chini, ikazama taratibu na kutoka kwenye chemchemi hata kiangazi. Ikiangukia mteremko mtupu, inashuka na mteremko wenyewe.

Utaniambia iliki inapenda kivuli, haiui msitu. Wewe ndiye uliyenifundisha: unafyeka vichaka vya chini, unapunguza miti miwili mitatu, unapanda. Sawa. Ila vile vijiti ulivyofyeka ndivyo vingekuwa miti ya wajukuu. Na ardhi ikichoka, ni nani umemwona akiondoka ili msitu urudi? Huingia muhogo, mahindi, miwa. Hapo kivuli kwaheri.

Wala si nyinyi mlioanza. Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, wakajaribu miti ya kila pembe ya dunia. Miaka ya 1970 na 1980 magogo yalikatwa kwa mashine kwa msaada wa Ufini, kisha Ufini hiyo hiyo ikarudi kusaidia kuhifadhi kilichobaki. Hapa huwa nacheka peke yangu. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, hekta 8,380, ya kwanza ya aina yake nchini.

Mwanao mkubwa anasema bora igeuzwe hifadhi ya taifa kama Kilimanjaro, watalii wajae. Mwambie aulize kwanza walio chini ya Milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992. Walikuwa wakiruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu, na mwaka 2011 ruhusa ikafutwa. Nyinyi bado mna siku zenu za kuni. Msizitafutie kesi.

Sasa Derema. Najua ndipo penye kidonda, na jamvini niliogopa kupagusa. Ushoroba ule, ukanda wa msitu wa hekta 956, unaunganisha msitu wa Amani na misitu ya kaskazini yake. Ukikatika, wanyama na mbegu za kila upande zinabaki kisiwani. Hilo nalikubali. Lakini iliki zako zilikuwa humo, mashina yakahesabiwa, ukapewa fidia, ukaezeka bati na kulipa ada, ikaisha. Iliki ilikuwa inakulipa kila msimu. Fidia ilikulipa mara moja.

Malengo ya hifadhi kama ile yakiandikwa, huanza na viumbe, yakafuata maji, utafiti, utalii, halafu jamii, kama mgeni aliyechelewa harusini na kukuta makoko. Mimi ningeanza na maji, kwa kuwa hapo mimi na wewe tunakutana. Kila mwezi nalipa ankara, na ndani yake sioni hata senti inayopanda mlima kumfikia aliyeacha kulima ili ndoo yangu iwe safi. Wakulima wa bonde la Zigi wana umoja wao, UWAMAKIZI, kwa hiyo wa kupokea yupo. Fungu lao liandikwe kwenye ankara zetu za Tanga, tulione kwa macho, hata kama tutanung'unika. Na tutanung'unika, nawajua watu wa mtaani kwangu. Kikao kijacho cha mtaa nitalisema.

Nakuja shule zikifungwa. Nitakuletea ng'onda, shangazi asinunue kitoweo. Wewe unipeleke mpaka kwenye kigingi, unionyeshe shamba lilipoishia. Na tukiwahi alfajiri, majani yakiwa bado na umande, unitafutie huyo chura.