Kwa Baba Mkubwa: Yule Binti wa Kimaori Hakukosa Adabu

Shikamoo Baba Mkubwa,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu na wewe uliyasema mbele za watu. Ulituma kwenye kundi la ukoo ile video ya mbunge kijana wa Nyuzilandi anayechana karatasi bungeni na kuanzisha haka, ile ngoma ya jadi ya Wamaori, ukaandika chini yake kwamba haya ndiyo matokeo ya kuwaachia mabinti vipaza sauti, na kwamba hata mila ya watu wake mwenyewe haimruhusu mwanamke kusimama kusema mbele ya wanaume. Wadogo zangu wameyasoma, na watoto wao wameyasoma. Nimeshindwa kunyamaza.

Binti yule ni Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, wa Wamaori, wenyeji wa asili wa Nyuzilandi. Alichaguliwa mwaka 2023 akiwa na miaka 21, akimwangusha Nanaia Mahuta, mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi hiyo. Karatasi aliyoichana tarehe 14 Novemba 2024 ni muswada uliotaka kuufasiri upya Mkataba wa Waitangi, ambao machifu wa Kimaori waliwekeana na Ufalme wa Uingereza mwaka 1840. Itazame tena ile video, Baba Mkubwa. Utawaona wabunge wenzake, wanaume kwa wanawake, wakiinuka naye, na watu walioketi juu kwenye viti vya wageni wakiitikia. Bunge lilimwadhibu kwa kumsimamisha siku saba, na viongozi wawili wa chama chake siku 21 kila mmoja. Muswada wenyewe ulianguka Aprili 2025 kwa kura 112 dhidi ya 11.

Sasa tuje kwenye mila, maana hapo ndipo uliponigusa.

Ulichosema kina ukweli ndani yake na sitaupunguza. Kwenye marae, yaani uwanja wa ukoo mbele ya nyumba ya mikutano, sehemu nyingi za Umaori benchi la wasemaji ni la wanaume. Wazee hueleza kwamba msemaji husimama mahali ambapo zamani mkuki ungeweza kumfikia, na mwanamke, ambaye ndiye anayebeba vizazi, hawekwi hapo. Wapo wanawake wa Kimaori wanaoutetea mpangilio huo kwa moyo wote, na si kazi yangu kuwafundisha mambo ya kwao.

Lakini mgeni hakanyagi uwanja ule mpaka mwanamke ampigie mwito. Sauti ya kwanza kusikika ni ya mwanamke, naye ndiye anayewataja marehemu wa pande zote mbili kabla mwanamume yeyote hajafungua kinywa. Mzee akimaliza hotuba, wanawake husimama kumwimbia, na bila wimbo hotuba yake haijakamilika. Akipotoka au akirefusha mno, bibi mmoja anaweza kuanzisha wimbo katikati ya maneno yake, na hapo hana budi kukaa. Niambie, kuna kikao gani cha ukoo wetu ambapo shangazi ana mamlaka ya kumkalisha mzee hivyo?

Tena si kila mahali wanawake wanakaa. Kule pwani ya mashariki zipo koo ambazo mwanamke wa ukoo mkubwa husimama na kuhutubia. Mihi Kōtukutuku alikuwa mmoja wao. Alipokwenda Rotorua akasimama kusema kwenye uwanja wa watu wa Te Arawa, aliamriwa akae. Hakukaa. Alimaliza alichokuja kusema, kisha akawahesabia nasaba mpaka wakaona wenyewe kwamba wao ni tawi dogo na yeye ni tawi kubwa, halafu akainua nguo akawaonyesha pale ambapo kila mwanamume duniani amepitia kuzaliwa. Wamaori wanalisimulia tukio hilo mpaka leo, na wanalisimulia kwa fahari.

Ndiyo maana nasema ulichokiita mila ni sehemu tu ya mila. Na sehemu nyingine ililetwa na meli. Waingereza walipopita na ule mkataba mwaka 1840, macho yao yalikuwa yakitafuta machifu wa kiume. Hata hivyo, kati ya watu zaidi ya 500 waliotia saini, wanawake wanaojulikana kwa majina ni angalau 13. Yupo binti wa chifu aliyetaka kusaini, afisa wa Kiingereza akamkatalia kwa sababu ni mwanamke. Umaori ulimleta binti yule mpaka mezani. Aliyemrudisha ni mgeni.

Tangu wakati huo wanawake wao hawajaacha kulidai hilo, na wamelidai ndani ya vikao vyao wenyewe. Mwaka 1893 Meri Te Tai Mangakāhia, mama kijana ambaye hajafika hata miaka 30, alisimama mbele ya bunge la Wamaori lililoitwa Te Kotahitanga, huko Waipatu, akataka wanawake wapige kura na pia wakae humo kama wajumbe. Hoja zake zilikuwa za mtu anayeijua ardhi. Wako wanawake wengi wenye mashamba ambao hawana waume, alisema, na wako wenye waume wasiojua kuyasimamia. Tena wanaume wamemlilia Malkia wa Uingereza miaka mingi bila kupata kitu. Huenda Malkia, kwa kuwa naye ni mwanamke, akawasikia wanawake wenzake. Nikisoma hoja hiyo huwa namwona mtu aliyeketi nyuma ya vikao akisikiliza kwa muda mrefu kabla ya kusimama.

Na Whina Cooper? Dunia inamjua kama bibi wa miaka 79 aliyewaongoza watu mwaka 1975 kutembea kutoka Te Hāpua, ncha ya kaskazini, mpaka bungeni Wellington, mwezi mzima barabarani kupinga Wamaori kuendelea kupoteza ardhi. Mimi nampenda zaidi akiwa msichana. Baba yake, Heremia Te Wake, alikuwa kiongozi wa kijiji na alimfundisha historia na nasaba. Mwaka 1914 hivi, mkulima wa Kizungu alipoanza kuchimba mifereji kukausha matope ya ufukweni ambako watu walikuwa wakipata chakula, Whina aliwakusanya wenzake. Mkulima akichimba, wao wanafukia nyuma yake. Mpango wa kukausha matope ukafa. Hakungoja kuitwa kiongozi, na wapo waliomchukia kwa hilo maisha yake yote, tena wengine ni ndugu.

Nimalizie na mfano uliopita mbele ya macho yetu juzi juzi tu. Mfalme Tūheitia alifariki tarehe 30 Agosti 2024. Ufalme wa Wamaori, ulioanza na Pōtatau mwaka 1858, haumwendei mzaliwa wa kwanza moja kwa moja; wakuu wa makabila hukaa na kuchagua. Mfalme aliacha wana wawili wa kiume na kitinda mimba wa kike, Ngā Wai Hono i te Pō, mwenye miaka 27. Wakuu wakamchagua binti. Tarehe 5 Septemba, siku ile ile ya mazishi, aliketishwa kwenye kiti cha enzi karibu na jeneza la baba yake, na kichwani akawekewa Biblia iliyotumika kumtawaza Pōtatau. Bibi yake, Te Atairangikaahu, alikuwa amekikalia kiti hicho miaka 40, kuanzia 1966. Hakuna aliyevunja mila hapo. Wazee walitumia njia ya mababu, wakamwona mwenye kufaa, wakamweka.

Baba Mkubwa, unajua kwa nini nimeyaandika yote haya. Kiti cha Babu kiko wazi, na majina yote yanayozunguka ni ya wanaume, wawili kati yao hawajakanyaga nyumbani tangu tulipomzika. Dada yetu mkubwa ndiye aliyekaa na Babu. Ndiye anayejua mpaka wa shamba la chini umeishia kwenye mti gani, nani anadaiwa mahari, na ugomvi wa kina nani haujaisha. Watu wakigombana wanakwenda kwake tayari, kisha wanakuja kwako ulithibitishe neno lake.

Mimi nikilitaja jina lake kwenye kikao cha Desemba, watasema ni mambo ya vijana wa mtandao. Ukilitaja wewe, watakaa walijadili. Sikuombi umpigie debe. Naomba jina lake liwe mezani pamoja na mengine, na siku hiyo awe ndani ya kikao, si jikoni na sisi.

Nitakupigia Jumapili jioni, ukishapumzika kutoka ibadani. Msalimie Mama Mkubwa.

Mwanao.