Vifaa vya nusukaputi: someni kabla ya Jumamosi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi tunapokea vifaa na kumbukumbu za zamani za nusukaputi.

La kwanza, chupa za etha (kimiminika cha zamani cha kulaza mgonjwa kabla ya upasuaji) MSILETE. Etha iliyofunguliwa ikakaa miaka hutengeneza peroksaidi, kemikali inayolipuka kirahisi. Ukiona chembe kama chumvi shingoni mwa chupa, usiguse kifuniko. Kukizungusha tu kunaweza kuilipua. Funga chumba, waite wataalamu wa kemikali.

Wenye EMO (ile mashine ya etha ya Oxford ya miaka ya 1950, isiyohitaji umeme wala mtungi wa gesi, ndiyo maana ilifika hadi hospitali za misheni vijijini) wahakikishe tangi ni tupu. Na jamani, msiing'arishe! Kile kipande cha plasta chenye jina la wodi ni historia kuliko chuma kinachometa.

Mipira ya kupitishia hewa na barakoa za raba zikae peke yake. Raba ikizeeka hunata, na salfa yake huchafua vyuma vya jirani. Mifuko ya nailoni hapana, hasa huku pwani: unyevu hunaswa ndani, ukungu unaanza.

Lebo ni karatasi, uzi wa pamba na penseli ya 2B. Selotepu huacha gundi ya njano isiyotoka.

Chati za wagonjwa zinabaki siri, kwa hiyo picha zake zisirushwe humu. Ondoeni pini zenye kutu taratibu. Chati tutaziskani kwa nukta 300 kwa inchi.

Asiye na usafiri aniandikie inboksi.