Barua kwa Mwanangu: Zilzala Haina Kalenda

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi sote wazima, na karafuu zimeshaanza kuanikwa majamvini. Nimeusoma ujumbe ulionitumia, unaodai kwamba zilzala kubwa itapiga bahari yetu mwisho wa mwezi, na swali lako limenipendeza: ikiwa siku za bamvua tunazijua mwaka mzima kabla, kwa nini wataalamu wasiijue siku ya tetemeko?

Bamvua hufuata mwezi, na mwezi tunauona. Tetemeko huanzia kilomita nyingi chini ya ardhi, ambako miamba iliyobanana husukumwa kidogo kidogo kwa miaka na miaka, mpaka msuguano unaoizuia ushindwe nayo ifyatuke. Unalikumbuka tawi la mkarafuu lililomwangusha ami yako? Kila mtu aliliona limepinda, na mwenyewe aliambiwa. Lakini lilikwishabeba wachumaji misimu mitatu, kisha likakatika siku aliyokuwa anashuka, pakacha halijafika hata nusu. Na hilo ni tawi la kuonekana kwa macho.

Wamarekani walijaribu huko Parkfield, California. Tangu 1857 tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lilikuwa likirudi kwa wastani wa kila miaka 22, la mwisho likiwa la 1966, hivyo wakatabiri kwamba jingine lingetokea kabla ya 1993, wakapatega vyombo vya kila aina. Lilikuja Septemba 2004, na vyombo vyote vile havikunasa dalili ya kuaminika kabla yake. China nako, watu wa Haicheng waliondolewa majumbani Februari 1975, saa chache kabla ya mji kupigwa, kwa kuwa vitetemeko vidogo vilitangulia. Mwaka uliofuata Tangshan ilipigwa usiku bila ya onyo, wakafa watu zaidi ya 240,000 kwa hesabu ya serikali. Hivyo vidogo, kwa maoni yangu, ndivyo vinavyowatesa zaidi wataalamu, maana vingi hupita bila ya kufuatwa na kitu. Japani ilitikisika kwa nguvu tarehe 9 Machi 2011, na hakuna aliyejua kwamba huo ulikuwa utangulizi tu wa lile la ukubwa wa 9 lililokuja siku mbili baadaye.

Wanachoweza kutoa ni uwezekano: ufa fulani, miaka 30 ijayo, asilimia kadhaa. Hesabu hiyo humfaa anayejenga nyumba, haimfai anayetaka kujua Ijumaa alale wapi. Tsunami ni jambo jingine, kwa kuwa wimbi likishaanza safari mwendo wake huhesabika. Lile la Sumatra la 26 Desemba 2004 lilichukua saa kadhaa kufika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Lakini tetemeko la 12 Agosti 2020, lililoitikisa Dar es Salaam na kusikika Unguja, hakuna aliyelitaja asubuhi yake.

Ujumbe huo usimpelekee mtu. Ami yako anakusalimu. Mkono umeunga, ila mguu bado anauburura.

Baba yako