Shiffrin si ushindi 100 peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila kurasa zetu za michezo zinapomtaja Mikaela Shiffrin, Mmarekani anayeshindana kushuka milima ya theluji kwa skii (mbao ndefu za kutelezea zinazofungwa miguuni), tunapewa namba ileile: ushindi 100 wa Kombe la Dunia la mchezo huo, alioufikisha Sestriere, Italia, Februari 23, 2025. Namba ilikuwa sahihi siku hiyo. Ila msomaji wa Mbeya au Makete, anayeijua sakitu ya Kitulo lakini si theluji ya kutelezea, haelezwi ugumu uko wapi.

Mchezo wake mkuu ni slalomu. Mshindani anashuka mlima akikata kona kati ya nguzo zilizosogeleana, raundi mbili, na muda wake unajumlishwa hadi sehemu ya mia ya sekunde. Raundi ya pili wanaingia 30 tu, na aliyeongoza ndiye anayeshuka mwisho, wakati njia imeshachimbwa na kingo za chuma za skii za wenzake. Kwenye kona uzito unatakiwa ukae kwenye skii ya nje. Ukiulalia mlima kupita kiasi, skii hiyo inakosa mzigo, ukingo hauumi tena barafu, unaserereka. Na ncha ya skii moja ikipita upande usiotakiwa wa nguzo, umeondolewa, hata ungekuwa unaongoza.

Hivyo ndivyo bingwa huyuhuyu, aliyetwaa dhahabu ya slalomu kwenye Olimpiki ya Sochi 2014 akiwa na miaka 18, alivyoshindwa kumaliza mashindano matatu Beijing 2022. Mwaka uliofuata aliivuka rekodi ya Ingemar Stenmark, mtelezaji wa zamani wa Sweden, ya ushindi 86 wa Kombe la Dunia, tena huko Åre, nchini kwa Stenmark mwenyewe.

Kwangu, kipimo chake kikubwa ni Killington, Marekani, Novemba 2024. Alianguka kwenye slalomu kubwa, ambayo nguzo zake zimeachana zaidi na mwendo ni mkali zaidi, akiwa anaongoza, akapata jeraha la kuchomwa tumboni. Alirejea kwenye slalomu mwishoni mwa Januari, akawa wa 10. Lakini slalomu kubwa, ambayo alikuwa bingwa wake wa dunia, aliiacha kwenye mashindano ya dunia ya 2025 na kusema hadharani kwamba hofu bado haijamtoka. Wanariadha wetu chipukizi, wanaoambiwa wakaze tu hata goti likiuma, wanastahili kusoma habari hiyo kwa kirefu.

Basi msimu ujao tuwekeeni muda wa kila raundi, pengo lake na aliyemfuata, na hali ya theluji siku hiyo.

Msomaji wenu,
Uyole, Mbeya