Risala ya Kikundi cha Urithi kwa Mgeni wa Heshima, Lubumbashi

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Bwana Prefe, walimu na wazazi wetu,

Sisi wanafunzi wa Kikundi cha Urithi tunakukaribisha kwa furaha na kukushukuru kwa kuja.

Mheshimiwa, katika makumbusho ya mji wetu imo misalaba ya shaba yenye mikono minne, ambayo karne nyingi kabla Lubumbashi haijaanzishwa mwaka 1910 ilitumika kama fedha na kutolewa mahari, na ambayo wachimbuzi waliikuta pia makaburini Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Watazamaji huisifu shaba. Sisi tungependa na msitu usifiwe. Mafundi wa zamani walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakapanga ndani yake mawe ya kijani ya malakiti, yenye shaba ndani yake, pamoja na makala, yaani makaa ya miti, wakavukuta mpaka shaba ikayeyuka. Bila miombo ya kuchomea makala, misalaba ile isingekuwapo.

Makala hayohayo ndiyo yanayotutia wasiwasi leo. Kila asubuhi baiskeli zilizolemewa na magunia huingia mjini, wala hatuthubutu kuwalaumu wanaozisukuma, kwani bukari, yaani ugali, tuliyokula jana ilipikwa kwa makala yao. Hata hivyo msitu uliokatwa haujafa. Visiki vya miombo huchipua vyenyewe vikiachwa vipumzike, mradi moto wa Septemba na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, usiyateketeze machipukizi. Kwa hiyo, kwa heshima zote, tunaona kwamba sherehe za kupanda mikaratusi hazitoshi: uyoga mwingi tunaonunua kando ya barabara wakati wa mvua hutegemea mizizi ya miombo, na mikaratusi haitaturudishia uyoga huo.

Tunakuomba, Mheshimiwa, utufikishie ombi letu kwa machifu wa vijiji vinavyouzunguka mji, ili sehemu zilizokatwa zitengwe na, pale inapolazimu kuchoma nyasi, zichomwe mapema, mwezi wa Mei au Juni, moto ungali mdogo. Tunaomba pia usafiri wa kutupeleka makumbusho tukiwa pamoja na wazee waliosimuliwa kazi ya tanuru na baba zao. Madaftari tunayo, na tumekubaliana kuandika maneno yao kwa Kiswahili, kama watakavyoyasema.

Asante kwa kutusikiliza.

Wanafunzi wa Kikundi cha Urithi